Abiria wa Daraja la Tatu

Kikundi chetu cha kufa na kuzikana hapa Mirongo, jijini Mwanza, kina sheria ambayo haijawahi kupigiwa kura, kwa sababu kila mtu anaielewa: aliyeandikwa kwenye daftari tunamzika, asiyeandikwa tunampa pole. Hakuna ubaya ndani yake. Jeneza linanunuliwa, sanda inanunuliwa, na gari la kupeleka mwili Misungwi au Magu linataka mafuta. Wanaochanga ni wauza mitumba, mafundi cherehani, mama lishe na vijana wa bodaboda, watu ambao kila shilingi wanayoitoa wanajua imetoka wapi. Mimi ndiye mtunza daftari. Kwa hiyo mwenyekiti wetu aliposimama mwishoni mwa kikao akasema anataka Jumamosi ya mwisho wa mwezi twende Igoma tukafyeke makaburi ya MV Bukoba, macho ya watu yalinijia mimi.

"Mzee, wale wameandikwa?" akauliza mama mmoja anayeuza dagaa.

"Hawajaandikwa popote, mwanangu," mzee akajibu. "Ndiyo maana nimesimama."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima. Utaratibu huo ulishika nguvu baada ya Rais Magufuli kuigeuza sikukuu ya Uhuru ya Desemba 9, 2015 kuwa siku ya kufagia na kuzoa taka. Kwetu Mirongo, siku hiyo maana yake ni mto. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji kwenda ziwani ukiwa umebeba kila kilichotupwa huko juu: chupa, nguo kuukuu, mifuko, wakati mwingine godoro zima. Makoleo tunayo, na mikono imezoea. Lakini kuuacha mto na kupanda daladala hadi barabara ya Musoma, kwenda kwenye makaburi ya watu tusiowajua, kulihitaji maelezo. Mzee alitumia kikao kizima kilichofuata kueleza. Nusu ya waliomsikiliza walizaliwa baada ya 1996.

Aliwaeleza hivi. Meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya Mei 20, 1996, ikapitia Kemondo kuchukua abiria na mizigo zaidi. Asubuhi ya Jumanne, Mei 21, ikiwa imeshaukaribia mji wa Mwanza, ikalala ubavu, ikapinduka. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, lile la wachuuzi na la kina mama waliopakata watoto, halikuwa na orodha. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 894, na wapo wanaosema walizidi elfu moja. Hakuna wa kuwabishia, kwa sababu watu wa daraja la tatu hakuna aliyewahesabu wakiwa hai. Waliookoka walikuwa 114. Meli ilielea tumbo juu kwa saa kadhaa, na waliokuwa wamenasa ndani walisikika wakigonga bati. Tundu likakatwa ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeibeba meli ikatokea hapo hapo, na meli ikazama. Rais Mkapa, ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka Ikulu, alitangaza siku tatu za maombolezo, na tume ya Jaji Robert Kisanga ikaundwa kuchunguza.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini daraja la tatu hawakuandikwa. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba tangu siku ile hajawahi kupata jibu analoweza kumpa mtoto.

Mimi jibu lake nilikuwa nalihitaji kuliko yule kijana. Mama yangu alikuwa akiuza ndizi za kupika karibu na Soko Kuu. Ndizi zilikuja na meli kutoka Kagera, na aliyezileta alikuwa mama mmoja wa kando ya Kemondo ambaye sisi watoto tulimwita Shangazi. Hatukuwa na undugu naye. Akifika Mwanza alilala kwetu, kwenye mkeka sebuleni, na msimu wa senene alituletea waliokaangwa wakakauka vizuri, akatukemea tukimwamkia kwa sauti ya chini. "Shikamoo yako iko wapi? Umeimeza?" Mama alimwita dada. Yeye alimwita mama kwa jina la kifunguamimba wetu, kama ilivyo desturi. Jina lake mwenyewe, la ubatizo au la baba yake, halikuwahi kutajwa ndani ya nyumba yetu, kwa sababu hakuna aliyelihitaji. Alisafiri daraja la tatu kila mara. Nauli ilikuwa nafuu, na alitaka kuwa karibu na mikungu yake.

Alfajiri ile mama alitangulia bandarini ili awe wa kwanza kupokea mzigo. Alirudi jua likiwa limepanda sana, mikono mitupu, akakaa kizingitini.

Miili ilipelekwa Uwanja wa Nyamagana ili itambuliwe. Ule ndio uwanja wetu wa mpira; vijana wa Mirongo tulijua kila pembe ambapo ukuta wake unarukika. Mama alikwenda kila siku, pua ameifunga kwa ncha ya kanga, na mimi aliniacha nje ya lango. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba alichoshindwa nacho kule ndani hakikuwa kutazama. Alijikaza, akatazama. Alichoshindwa ni swali aliloulizwa mezani: unamtafuta nani, jina lake kamili? Akasema, "Namtafuta shangazi yao watoto wangu." Aliyekuwa akiandika alimsubiri, kalamu mkononi, kwa upole, na mama hakuwa na neno la kuongeza.

Hakumpata. Waliotambuliwa walichukuliwa na ndugu zao. Wasiotambuliwa walizikwa Igoma. Wengine ziwa halikuwarudisha kabisa. Huko ziwani au huko Igoma, Shangazi yuko mahali, na nyumbani kwetu samaki hawakupikwa kwa muda mrefu. Mji mzima ulikuwa hivyo. Mji unaoishi kwa sangara na sato ulikaa majuma mengi ukila maharage.

Kwa hiyo niliposhuka Igoma na fyekeo langu, sikuwa na kaburi la kwenda. Nilikuwa na makaburi yote.

Sasa niseme juu ya magugu, maana hapo ndipo kikundi kilipopata elimu ambayo hatukuitarajia. Tuliyakuta majani yamefika kiunoni, njia za katikati ya safu zimepotea, mnara wa kumbukumbu umesimama lakini vilivyo chini yake huwezi kuvihesabu. Mtu anaweza kukasirika akiona hivyo na kutafuta wa kumlaumu. Mimi niliitazama kalenda. Mei 21 inaangukia mwishoni mwa masika. Ndugu na viongozi wa dini huja siku hiyo, mahali husafishwa, dua na sala husomwa, mashada huwekwa, watu hurudi makwao. Kiangazi hupita, majani yakakauka bila kumsumbua mtu. Vuli ikianza kunyesha mwezi wa kumi na moja hakuna sherehe yoyote Igoma, na masika ya Machi hukuta mbegu za vuli zimeshakomaa. Majani yana miezi kumi na miwili. Sisi tulikuwa tumeyapa siku moja.

Vijana walianza kwa nguvu kubwa. Mafyekeo yakapanda na kushuka, na baada ya saa moja eneo kubwa likawa limelala chini, zuri la kupiga picha. Mzee akapuliza filimbi.

"Mnanyoa," alisema. "Mnamnyoa mtu kichwa mkidhani mmemponya mba. Shikeni majembe."

Yeye alikulia kwenye kilimo cha pamba, enzi za kulima kwa bugobogobo, ngoma mbele na majembe nyuma yakishuka kwa pamoja, na shamba kwake ni kitu kinachosomwa. Alichuchumaa akatuonyesha. Huu ni ukoka: ukiufyeka unashukuru, unatambaa chini kwa chini na kuota kila kifundo kinapogusa udongo, kwa hiyo ufuate mkono kwa mkono hadi mwisho wa uzi wake. Hii ni ndago: ukivuta unabaki na jani mkononi, na kule chini kuna vijipira vyeusi vilivyoshikana, ambavyo kila kimoja ni mmea mpya, kwa hiyo chimba, chekecha kwa vidole, weka kwenye ndoo, usitupe pembeni. Haya ni mashona nguo: ukiyaona yameshakauka na kunasa kwenye suruali umechelewa, kwa hiyo yang'olewe yakiwa na maua bado. Mbigili hutolewa na shina zima. Na akatupeleka kwenye ufa wa saruji, ambapo mche wa mwarobaini ulikuwa umechipua kutokana na mbegu iliyoachwa na ndege. Ulikuwa mwembamba kuliko kidole changu. Aliuvuta taratibu ukatoka na mzizi wake wote. Hatua chache mbele kulikuwa na mwingine mnene kuliko mkono wa mtu mzima, na saruji imeinuka na kupasuka vipande vitatu. "Huu wa kwanza ni kazi ya mtoto," alisema. "Huu wa pili ni kazi ya fundi, msumeno na mifuko ya saruji. Kati ya hii miwili kuna misimu kadhaa tu ya watu kutokuja."

Tukabadilisha utaratibu wote. Tulijipanga mstari mmoja kama walimaji, hatua kwa hatua, wa mbele wakikata majani kwa juu, wa nyuma wakichimba, kina mama wakifuata na ndoo za ndago, na wa mwisho akichomeka fimbo kwenye vichaka kabla mtu hajapeleka mkono, kwa ajili ya nyoka. Tukakubaliana kwenda siku inayofuata mvua badala ya siku ya jua, ingawa matope yanachosha, kwa kuwa udongo uliolowa unaachia mizizi. Kijana mmoja alipendekeza tukodi bomba la kupulizia dawa ya magugu tumalize kazi kwa asubuhi moja. Wazo lake lilijadiliwa kwa heshima na likakataliwa: dawa inaua kila kitu, udongo unabaki uchi, mvua ya kwanza inachukua vituta vya makaburi ambavyo havikujengewa, na mbuzi wa majirani wanapita pale. Moto nao tuliukataa. Unapasua saruji na kuacha masizi juu ya maandishi. Maandishi yenyewe tuliyasafisha kwa maji na brashi laini ya nguo. Brashi ya waya inaondoa uchafu pamoja na herufi.

Kulikuwa na mjadala mwingine, na huu ndio ninaoukumbuka kwa upendo zaidi. Ustadhi mmoja ambaye ni mwanachama wetu aliomba tusimame. Alisema wapo Waislamu wengi waliolala pale, pengine kaburi moja na Wakristo, na kwamba katika mafundisho aliyosomeshwa haipendezi kung'oa mmea mbichi ulio juu ya kaburi. Akasimulia hadithi ya Mtume alivyopita kwenye makaburi mawili, akapasua kuti bichi vipande viwili, akachomeka kila kimoja juu ya kaburi, akitaraji waliozikwa humo wapunguziwe adhabu maadamu havijakauka. Kijani juu ya kaburi, alisema, kinamtaja Mwenyezi Mungu kwa niaba ya aliyelala. Katekista wetu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza: na mbigili je? Na mti unaopasua kaburi? Ustadhi akafikiri, akasema kinachomdhuru maiti au mzuru kinaondolewa.

Basi tukaipata kanuni yetu pale pale, tumesimama na majembe. Njia na nafasi kati ya makaburi zisafishwe hadi udongo. Miiba, miti na ndago vitoke kila mahali. Lakini juu ya kaburi lenyewe majani laini yapunguzwe tu, yabaki mafupi na mabichi. Nimeona makaburi mengi yaliyosafishwa kwa kukwanguliwa kila jani, yakabaki mekundu na makavu chini ya jua la saa saba, na naamini tulichoamua kwa kusikilizana ni bora, hata kwa udongo wenyewe.

Haikupita saa, sauti nyingine ikatusimamisha. Bibi mmoja anayeishi jirani alikuja kutoka upande wa barabara akipunga mkono, maana kijana mmoja alikuwa ameinamia mmea wenye majani marefu membamba, aina ile ambayo watu wa Kagera huipanda mipakani mwa mashamba yao.

"Mjukuu wangu, huo uache! Huo umepandwa."

"Shikamoo bibi. Na nani?"

"Marahaba. Yupo mzee anatoka Muleba. Akija analeta maji kwenye kidumu, anamwagilia, anakaa hapo mpaka jua linapungua. Hajui kama ndilo kaburi lenyewe. Alichagua tu."

Watu wote waliacha kazi. Mama muuza dagaa, yule aliyeuliza kama wafu wa Igoma wameandikwa, alivua kitambaa cha kichwani, akakirarua upande wake mmoja na kufunga kipande kwenye ule mmea ili mtu mwingine asiuguse. Bibi akatuzungusha. Alituonyesha maua aliyoyajua yalivyofika, miche miwili na mwaka ilipopandwa, mahali pengine ambapo mama fulani huja kila baada ya mavuno ya kahawa. Sisi tulikuwa tumekuja tukidhani mahali pale hapana mtu. Kumbe palikuwa na watu waliochagua kaburi kila mmoja kwa moyo wake, wakalifanya la ndugu yao, bila cheti na bila kumwambia yeyote. Tangu siku ile hatugusi jani kabla ya kubisha hodi kwa majirani.

Ziwa letu limezungukwa na makaburi ya namna hii, na ukishaanza kuyaangalia huachi. Nilikwenda Kageye, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa Mwanza, ambako msafiri wa Kizungu, Stanley, alifika Februari 27, 1875 na kuiunga mashua yake, Lady Alice, ili kulizunguka ziwa. Kijana Mwingereza aliyekuwa naye, Frederick Barker, alifia hapo Aprili ya mwaka huo huo. Miaka miwili baadaye alifia hapo Dakta John Smith, mmisionari wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana. Majina yao yanajulikana, na mahali pao pana kumbukumbu. Nami naona ni haki. Walikufa mbali na mama zao. Lakini Stanley aliondoka pwani na watu zaidi ya mia tatu, wapagazi na askari wa Unguja na bara, na wengi wao hawakuliona ziwa. Baadhi walitoroka. Baadhi walikufa njiani kwa maradhi, njaa na mapigano. Nani amepalilia makaburi yao? Hata pa kuanzia kuyatafuta hapajulikani.

Upande wa pili wa maji kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1994 Mto Kagera ulileta ziwani miili ya waliouawa Rwanda, na wavuvi wa Uganda, watu wenye nyavu zao na shida zao, wakaacha kuvua wakaanza kuopoa. Waliwazika Kasensero 2,875, Lambu 3,337, Ggolo 4,771. Ukijumlisha ni watu 10,983, na karibu hakuna aliyezikwa kwa jina lake. Leo sehemu hizo tatu zimejengewa kumbukumbu, na Wanyarwanda huja kuomboleza. Lakini mwaka ule hapakuwa na kumbukumbu wala mgeni rasmi. Alikuwepo mvuvi aliyeona maiti ya mtu asiyemjua ikigonga mtumbwi wake, akaamua kwamba ni ya kwake kuizika. Nikifikiria watu wa Kasensero, swali la daftari letu linapungua ukubwa.

Na kuna Bwisya, kisiwani Ukara. Septemba 20, 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mwendo mfupi sana kufika gati. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228. Wapo waliozikwa pale pale kisiwani. Ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili tangu Mei ile, na kwa mara nyingine watu walihesabiwa baada ya kutolewa majini.

Hili ndilo ninalotaka kusema, na nalisema kama mtu anayeshika daftari. Magugu ya Igoma yalianza kuota kwenye gati la Kemondo. Mtu anayepandishwa melini bila kuandikwa akifa hana wa kumtafuta kwa jina. Asiye na jina hana kaburi lake. Kaburi lisilo la mtu halina zamu ya kupaliliwa. Hakuna aliyekusudia lolote katika hayo, na mwisho wake ni mti wa mwarobaini umepasua saruji. Ndugu zao wako Muleba, Karagwe, Misenyi, Bukoba Vijijini, nauli ya kwenda na kurudi ni mavuno ya mtu, na wengine waliokuwa wakija wamezeeka au wamefuata waliowalilia. Aliye karibu ni sisi. Mwanza ndiko walikokuwa wakija. Wengi wao walikuwa wageni wetu, wateja wetu, shangazi wa watoto wetu, na kwa mila za pande zote mbili za ziwa, mgeni akifia kwako unamzika wewe na kaburi unalitunza wewe.

Niliwahi kuhofu kwamba kazi hii ingewajaza vijana huzuni. Imewafanya wakali. Mmoja wao, wa bodaboda, alikuwa anawahi msiba wa mjomba wake visiwani. Alifika mwaloni, akapanda mtumbwi wa injini, akauliza orodha ya abiria iko wapi na maboya yako mangapi. Akaambiwa akae, safari ni fupi. Akashuka. Aliyakosa mazishi, na ukoo umemnunia. Alipolisimulia kwenye kikao alikuwa bado ana uchungu, na mama mmoja akamwuliza kama haoni alizidisha. Alijibu kwamba ameshika ndago za Igoma kwa mikono yake, anajua zinaota juu ya nani. Mwaka 2023 tuliiona MV Mwanza ikishushwa majini, meli kubwa ya abiria 1,200, na tulifurahi kama wakazi wote wa kanda hii. Vijana wetu walikuwa na swali moja tu kuihusu, na nadhani unalijua.

Kwenye kikao cha mwisho wa mwaka, kikundi kilipiga kura iliyokuwa ngumu kuliko zote tulizowahi kupiga. Mzee alipendekeza tutenge sehemu ndogo ya michango ya kila mwezi kwa ajili ya Igoma: tupa za kunolea, glavu, brashi, saruji kidogo, na nauli ya wasio na nauli. Hoja za kupinga zilikuwa za kweli. Mwanachama mmoja alisema mkewe ni mgonjwa na kila shilingi ya kikundi ni sanda yake. Tulimsikiliza, na tulipunguza kiasi mpaka yeye mwenyewe akainua mkono. Ratiba ikabadilika pia: zamu kubwa sasa ni Januari, kati ya vuli na masika, kabla mbegu hazijakomaa, na nyingine mwezi wa nne. Mei 21 tunafika kama wengine, mikono mitupu, kwenye ibada.

Kisha mama muuza dagaa akaomba niandike jina la kikundi kipya cha wanachama wetu kwenye daftari. Nikafungua ukurasa, nikaandika: Igoma, Mei 21, 1996. Akauliza kama nitaacha wazi chini yake. Nikaandika mstari wa kwanza: Shangazi, muuza ndizi, Kemondo, daraja la tatu. Yeye akaniambia niongeze jirani wa dada yake, fundi wa baiskeli, aliyekuwa akirudi kumwona mtoto mchanga. Bibi wa Igoma ametupa wengine, kwa jinsi alivyowasikia kwa wanaokuja: mwanafunzi mrefu wa Kanyigo, mama na pacha wake, mpishi wa hoteli. Baadhi wamepata majina kamili baada ya wazee wa Kagera kusikia kuna watu wanaandika. Baadhi bado wana kazi tu, au kijiji tu, au walivyokuwa wakicheka.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyepanda meli ile, hata kama hamkumjua vizuri, hata kama alikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma au muuzaji aliyewakopesha, njoo useme unachokijua. Jina likiwepo tutaliandika, lisipokuwepo tutaandika alichokuwa akiuza. Siku za zamu tunakuwa Igoma tangu saa moja asubuhi, daftari liko kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua, na majembe ya ziada yapo.